Silent Hill 2 humtazama mchezaji, ndiyo maana haichuji

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme neno juu ya mchezo wa video uitwao Silent Hill 2. Ulitoka Septemba 2001 kwenye PlayStation 2, kazi ya kikosi cha kampuni ya Konami kilichojulikana kama Team Silent. Tangu studio ya Bloober Team ya Poland ilipousuka upya na kuutoa Oktoba 2024, swali moja limerudi midomoni mwa wapenzi wa michezo: mbona mchezo wa umri huu bado unatisha, ilhali mingi iliyotoka juzi imeshasahaulika? Wengi hujibu kwa kumtaja Pyramid Head, lile jitu lenye kichwa cha chuma chenye umbo la piramidi, linaloburuza panga refu sakafuni. Jibu hilo halitoshi. Majitu ya kutisha yamejaa kila mahali. Upekee wa mchezo huu ni kwamba humtazama anayeucheza, huweka hesabu ya mwenendo wake, kisha humhukumu bila kumwambia kwamba alikuwa akihesabiwa.

Kwa asiyeujua, James Sunderland amepokea barua kutoka kwa mkewe, Mary, ikisema anamngoja katika mji wa Silent Hill, mahali walipowahi kupumzika pamoja. Mary alikufa kwa maradhi miaka mitatu kabla. Hadithi inaanza ndani ya choo cha umma kando ya barabara, James akijitazama kwenye kioo, gari lake likiwa nje na mlango umeachwa wazi. Sitasema kilichomo katika chumba namba 312 cha Hoteli ya Lakeview. Anayejua anajua, na asiyejua anastahili kufika huko kwa miguu yake.

Tazama mwanzo wenyewe. Kutoka maegeshoni mchezaji anashuka kwa njia ya msituni inayochukua dakika kadhaa. Hana silaha wala ramani ya maana, na hakuna kinachomshambulia. Kuna ukungu, majani, na sauti ambazo hazina mwenyewe. Mgeni hudhani ni uzembe wa watengenezaji, akaanza kukimbia ili apamalize. Urefu ule una kazi yake: kufikia chini, mtu ameshahisi kwamba amekwenda mbali mno na gari lake, na kurudi kunaonekana kazi kubwa kuliko kuendelea. Hofu imeshaingia kabla ya zimwi la kwanza kuonekana. Mbinu hiyohiyo inarudi baadaye katika jengo la Chama cha Historia, kwenye ngazi zinazoshuka na kushuka hadi akili ikatae kwamba ardhi ina kina hicho, kisha mashimo ambayo James anatakiwa ajitupe humo kwa hiari. Mchezo haumsukumi. Unauliza tu kama aruke, na mchezaji ndiye anayejibu ndiyo.

Sasa nije kwenye hesabu ile ya siri, kwa kuwa hapo ndipo penye uzito. Toleo la kwanza la PlayStation 2 lilikuwa na miisho mitano, na toleo la Xbox lililofuata mwishoni mwa mwaka huohuo likaongeza wa sita. Mitatu kati yake hupatikana katika mzunguko wa kwanza: ule unaoitwa Leave, ule wa In Water, na ule wa Maria. Hakuna mahali mchezaji anapoulizwa achague upi. Hakuna kipimo kwenye skrini, hakuna maneno ya kumtahadharisha kwamba jambo fulani litakumbukwa. Kinachoamua ni mambo madogo ambayo mtu huyafanya bila kufikiri.

Mfano ni afya. Mchezaji anayemtibu James mara tu anapojeruhiwa anasogea upande wa Leave. Anayemwacha atembee na majeraha muda mrefu anasogea upande wa In Water, mwisho wa mtu aliyekata tamaa ya kuishi. Kuna kisu ambacho Angela, msichana aliyejaa maumivu, anamwachia James ndani ya majengo ya makazi. Kisu hicho hakitumiki kupigana hata mara moja. Lakini ukikifungua mkobani na kukitazama kwa makini, mchezo unaandika kwamba umekitazama. Vivyo hivyo kusoma daftari lililoachwa kwenye paa la Hospitali ya Brookhaven. Kwa upande wa pili, anayeitoa picha ya Mary na barua yake akazitazama tena anahesabiwa kuwa bado anamkumbuka mkewe.

Halafu kuna Maria, mwanamke anayefanana na Mary kupita kiasi, ambaye James anakutana naye katika bustani ya Rosewater. Ukikaa naye karibu, ukamlinda asipigwe, ukaepuka kumgonga, na ukarudi kumjulia hali anapolala katika chumba chake hospitalini, mizani inaegemea kwake. Ukimwacha nyuma ukaenda zako, inaondoka. Mwishoni kabisa kuna korido ndefu hotelini ambako maongezi ya James na Mary yanasikika hewani. Anayesimama akayasikiliza mpaka mwisho anaonekana tofauti na anayefungua mlango na kupita.

Ukali wa mpango huu unaonekana pale tabia njema ya kimchezo inapogeuka ushahidi. Mchezaji mwangalifu, aliyezoea michezo ya aina hii, hubana dawa. Anasema moyoni: bado natembea, acha niweke chupa hii kwa ajili ya adui mkubwa. Ni busara ya kawaida kabisa. Silent Hill 2 inaisoma busara hiyo kama kutojali uhai. Mwingine anamlinda Maria kwa sababu michezo mingine imemfundisha kwamba msindikizwaji akifa umeshindwa. Mchezo unasoma ulinzi huo kama mume anayemsahau mkewe na kushika mwanamke mpya. Mwisho unapofika, mtu anabaki akijiuliza kwa nini amepata huu na si ule, na jibu limo katika saa nane hivi za mwenendo wake mwenyewe. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kubishana miaka na miaka juu ya James ni mtu wa namna gani, na wote wakawa sahihi. Kila mmoja alimtengeneza James wake.

Hata mkoba umefanyiwa kazi. Ile barua ya Mary, ambayo mchezaji anaibeba tangu mwanzo, hubadilika kadiri hadithi inavyosonga: maandishi yanatoweka, na baadaye barua yenyewe haipo tena. Hakuna anayekuarifu. Anayeifungua mwanzoni tu asiifungue tena hatajua kamwe. Na katika ghorofa moja kuna maiti ameketi mbele ya televisheni, na ukimtazama vizuri utagundua mavazi na umbo ni vya James. Hilo nalo halielezwi.

Mji wenyewe si mmoja: kila mtu anauona wa kwake. Eddie, mtu mwingine ambaye James anakutana naye mjini, anaona watu wanaomcheka. Angela, katika tukio la ngazi zinazowaka moto hotelini, anamweleza James kwamba kwake yeye hali ndiyo hiyo siku zote. Laura, mtoto wa miaka minane, anakimbia mitaani peke yake bila hofu, kwa sababu hana hatia moyoni na mji haumwonyeshi zimwi lolote. Ukilijua hilo, wauguzi wasio na sura wa hospitalini na yale maumbo ya miguu iliyounganishwa kwa miguu yanaacha kuwa mapambo ya kutisha. Masahiro Ito aliyachora kutokana na kichwa cha James: mume ambaye mkewe aliugua muda mrefu, aliyetazama kitanda cha hospitali kwa hasira na tamaa na aibu. Pyramid Head ni wa James peke yake. Kumtoa humo na kumtembeza katika kazi nyingine kama nembo ya kutisha watu, jambo lililofanyika zaidi ya mara moja, ni kumpokonya sababu ya kuwapo kwake.

Upande wa ufundi nao umebeba mengi. Ukungu ulianza kama hitaji. Silent Hill ya kwanza, ya 1999, ilikuwa ya PlayStation ya kwanza, mashine isiyoweza kuchora mitaa ya mbali, na ukungu ulifunika palipokuwa bado hapajachorwa. PlayStation 2 ilikuwa na nguvu zaidi, lakini ukungu ukabaki, safari hii ukisogea kwa matabaka mbele ya macho. Juu yake kuna chembechembe zinazochezacheza kwenye picha nzima kama za filamu iliyochakaa. Chembe hizo zinafanya kivuli chochote kionekane kama kinatikisika. Chaguo la kuzizima hufunguka baada ya kumaliza mchezo, na ushauri wangu ni kuziacha hata hapo.

Kamera ni sehemu ambayo vijana huilalamikia zaidi. Katika toleo la 2001 haikai begani kwa James. Inakaa pembeni, juu, wakati mwingine mbele yake, hivyo unamwona yeye akielekea mahali usipopaona wewe. Ndipo redio inapoingia. James anaiokota baada ya zimwi la kwanza, na inakoroma kila kiumbe kinapokaribia. Masikio yanakwambia kuna kitu, macho yanakataa, na kamera haisaidii. Ondoa kimojawapo kati ya vitatu hivyo na utisho unapungua nusu. Akira Yamaoka alishika muziki na milio yote kwa pamoja, ndiyo maana ni vigumu kujua muziki umeishia wapi na mngurumo wa mji umeanzia wapi. Katika chumba kimoja cha majengo ya makazi mnong'ono unasikika mara moja tu, bila sababu, na haurudi. Mchezaji anatumia mchezo wote uliobaki akiungoja.

Sauti za waigizaji pia hulaumiwa kwa kuwa zinasitasita. Guy Cihi, aliyemwigiza James, hakuwa na uzoefu mkubwa wa uigizaji, na James wake anazungumza kama mtu asiyekuwepo kabisa pale alipo. Kwa mtu aliyejificha jambo yeye mwenyewe, sijui ni sauti gani ingemfaa zaidi.

Hayo yote yanaeleza kwa nini suala la toleo gani linachezwa si ushabiki mtupu. Mwaka 2012 lilitoka toleo lililosafishwa kwa ajili ya PlayStation 3 na Xbox 360. Waliolitengeneza walikabidhiwa msimbo wa programu ambao haukuwa ule wa mwisho, wakalazimika kurekebisha hitilafu zilizokuwa zimesharekebishwa zamani. Matokeo yalionekana: ukungu ulipungua, na katika safari ya mashua kwenye Ziwa Toluca ukingo wa maji ukawa wazi, mahali ambapo mchezaji alipaswa kupiga makasia asijue anaelekea wapi. Picha ilikuwa safi zaidi na mchezo ukawa dhaifu zaidi. Anayeanza asianzie hapo. Kama hana jingine, basi walau achague sauti za awali, kwani toleo hilo linaruhusu.

Toleo la kompyuta la 2002 lina ukungu bora kuliko lile la 2012, ila lina ugonjwa wake. Liliandikwa kabla ya prosesa zenye viini vingi kuenea, na kwenye mashine za sasa sauti huganda na kujirudia, kisha mchezo unakwama au kujifunga. Dawa ya haraka ni kuiambia Windows iuendeshe mchezo kwa kiini kimoja tu cha prosesa. Dawa kamili ni kifurushi cha bure kilichotengenezwa na wapenzi wa mchezo, kiitwacho Silent Hill 2: Enhanced Edition, ambacho kinaponya tatizo la sauti, kinarudisha ukungu na vivuli vilivyopotea, kinaukubali upana wa skrini za leo na pedi za kisasa. Chenyewe si mchezo, ni lazima uwe na toleo la kompyuta tayari. Kisiwekwe juu ya marekebisho mengine ya zamani: anza na usakinishaji safi, weka kifurushi, fungua mchezo mara moja uhakikishe unakwenda, ndipo uguse mipangilio. Wanaochanganya marekebisho matatu kwa mkupuo hawajui lipi limeharibu.

Mwenye PlayStation 2 na diski ana njia nzuri kuliko zote, mradi aiangalie televisheni yake. Skrini bapa za sasa hupokea picha ile ya mistari ya zamani na kuichakata kabla ya kuionyesha, na kazi hiyo huchelewesha pedi. Washa hali ya michezo kwenye televisheni. Zima rangi kali na ung'avu wa kujirekebisha, kwani mitambo hiyo huona giza la Silent Hill kama kosa na kulipandisha liwe kijivu. Ung'avu wa mchezo wenyewe uuweke chini kiasi kwamba korido isiyo na tochi haionekani, na yenye tochi inaonekana hatua chache tu. Vaa hedifoni.

Kuna aina mbili za uendeshaji. Moja inamwelekeza James kwa kufuata skrini, nyingine kwa kufuata mwili wake: mbele ni mbele yake, popote kamera ilipo. Wageni hukimbilia ile ya kwanza kwa sababu ni nyepesi kwa dakika tano. Kisha kamera inaruka upande wa pili katikati ya mbio, na James anageuka na kurudi kwenye mikono ya adui. Ile ya pili inaudhi mwanzoni lakini haisaliti. Kwenye pedi ya PlayStation 2, kitufe cha L2 kinaileta kamera nyuma ya James pale panaporuhusu. Anayelalamikia kamera bila kukijua kitufe hicho hajautendea mchezo haki.

Ugumu umegawanywa mara mbili, wa mapigano na wa mafumbo, kila mmoja peke yake. Kwa mara ya kwanza weka wa kawaida kote. Mafumbo yanapokuwa mepesi mno, shairi la sarafu tatu katika majengo ya makazi linakuwa maelekezo tu. Yakiwa magumu mno, mtu anaishia kutafuta majibu nje ya mchezo, na utulivu unavunjika. Fuata ramani: James mwenyewe huichora kwa wino mwekundu, akitia alama milango iliyofungwa na ile iliyofunguka, hivyo hakuna haja ya kujaribu mlango mmoja mara mbili. Ramani haisomeki gizani bila tochi.

Mitaani, kimbia. Kuna nafasi ya kutosha kuwapita maadui, na kila risasi iliyotumika nje itatakiwa ndani. Tumia ubao, kisha bomba la chuma utakalolikuta limechomekwa kwenye boneti ya gari. Adui akianguka usigeuke. Wengi huinuka, au hutambaa kwa kasi chini ya magari. Mkanyage mpaka redio inyamaze, maana redio haidanganyi. Unapofungiwa na Pyramid Head kwenye ngazi za majengo, kosa la kila mgeni ni kummwagia risasi zote. Zunguka, kaa mbali na panga lake, ngoja. King'ora kitalia na ataondoka mwenyewe.

Toleo la 2024 halistahili dharau ambayo baadhi ya wakongwe wanaipa. Yamaoka na Ito walishiriki, vyumba vimepanuliwa, na hesabu ya siri bado ipo, pamoja na miisho miwili mipya inayopatikana kwa kucheza tena baada ya kumaliza. Lakini kamera imehamia begani, James anajua kukwepa, na mapambano ni mengi mara kadhaa. Mchezaji anayeona kila alichokitazama James anaogopa kwa namna nyingine, iliyo karibu zaidi na ya michezo mingine. Mwenye uwezo wa kucheza yote mawili aanze na la 2001, kwani likichezwa la pili uzito wake wa mwendo utamchosha kabla halijamshika.

Ombi langu kwa waandishi wa michezo wa gazeti lako ni dogo. Wanapoandika juu ya mchezo huu, wataje ni toleo gani na limechezwa kwenye mashine gani, na waache miisho bila kuieleza. Jedwali la masharti ya miisho lipo tele, na mtu akilisoma kabla, kila chupa ya dawa anayoinywa inakuwa hesabu, na mchezo haumwoni tena yeye alivyo. Mzunguko wa kwanza uchezwe kijinga, kwa moyo. Anayetaka kuona miisho mingine asubiri mpaka afike kwenye miraba tisa myekundu ya kuhifadhia, kabla ya pambano la mwisho na wale Pyramid Head wawili, ahifadhi hapo katika nafasi ya peke yake. Korido ya maongezi bado iko mbele. Kama mwenendo wake ulikuwa nusu kwa nusu, kuyasikiliza au kuyapita kunaweza kugeuza mwisho. Kama mizani ilikuwa imeshaegemea mno upande mmoja, korido haitamwokoa, na itabidi aanze upya kutoka chooni.

Wako,
Mchezaji wa siku nyingi